Shule ya Dubai si majengo, jamani!

Haya wajameni, wiki hii nina maneno na nyie mliopata ulaji Dubai. Mkataba umesainiwa, tiketi iko mkononi, mama watoto keshaanza kugawa vyombo kwa mashoga zake. Swali linabaki moja: hawa watoto watasoma wapi?

Wengi wanaanza na picha. Bwawa la kuogelea, mabasi yenye kiyoyozi, neno "International" limeandikwa kubwaaa getini, basi, roho kwatu! Mimi nasema anza na swali jingine: mkataba ukiisha, mtoto anakwenda wapi? Ruhusa ya kuishi kule imefungwa kwenye kazi yako. Kazi ikiota mbawa, mnafungasha, na mtoto anang'olewa katikati ya masomo.

Shule za serikali kule ni za wenyeji zaidi na masomo mengi ni kwa Kiarabu, kwa hiyo wageni wengi wanaangukia shule za binafsi. Hapo ndipo kasheshe. Kuna za mtaala wa Uingereza, wa India, wa Marekani, na ule wa IB ulioanzishwa Geneva mwaka 1968. Za Kihindi nyingi zina ada nafuu, usizidharau. Lakini kila mtaala una njia yake. Wa Uingereza una mitihani ya IGCSE mtoto akiwa na miaka kama 16, halafu A-level. Wa India una mitihani mikubwa darasa la 10 na la 12. Ukimhamisha kijana katikati ya ile miaka miwili ya kujiandaa na IGCSE, umemtupa kwenye maji marefu.

Kama mnajua mtarudi Bongo, ulizeni mapema. Cheti cha nje kinalinganishwa na cha kwetu na Baraza la Mitihani, NECTA. Na Kiswahili je? Shule za binafsi Dubai zinafundisha Kiarabu, na watoto wa Kiislamu wanasoma na dini. Kiswahili ni juu yako mzazi. Mnunulie vitabu, ongea naye nyumbani, la sivyo atarudi bibi yake anamsalimia yeye anakodoa macho.

Kalenda nayo iangalie. Kwetu darasa jipya linaanza Januari. Kule shule za mtaala wa Uingereza zinaanza mwishoni mwa Agosti au Septemba, za Kihindi Aprili. Ukitua na mwanao Januari, wenzake wako mbali. Waulize shule watampima vipi na watamweka darasa gani, usingoje kushtukizwa mlangoni.

Ubora usiambiwe na jirani. Dubai kuna mamlaka inaitwa KHDA, iliyoundwa mwaka 2006, ambayo tangu mwaka 2008 imekuwa ikikagua shule za binafsi na kuzipa daraja, kuanzia bora kabisa hadi dhaifu. Ripoti ziko kwenye intaneti, kusoma ni bure. Ila tazama ni ya mwaka gani, maana mwaka wa masomo 2024/25 ukaguzi kamili ulisimamishwa kwa shule nyingi. Ripoti ya zamani si kioo cha leo.

Sasa tuje kwenye mshiko. Bosi akikwambia "tutasaidia ada", mwambie aandike. Analipia watoto wangapi? Mwisho wake shilingi ngapi, au tuseme dirham ngapi? Basi, sare, vitabu na mitihani vimo au havimo? Na kazi ikikatika mwezi wa pili wa muhula, nani anamalizia? Maneno ya mdomoni hayalipi ada, kaka.

Kabla ya kuondoka huku, chukua barua ya uhamisho na ripoti za miaka iliyopita, na uulize shule mpya kama inataka mihuri ya wizara ya mambo ya nje. Ukiondoka kule, fanya hivyo hivyo. Mtoto asiye na karatasi anakaa nyumbani akihesabu magorofa kupitia dirishani.

Jengo zuri utalipiga picha, utawaringishia watu wa mtaani. Lakini mtoto anahama na cheti, hahami na bwawa. Muulize na yeye pia anaonaje, maana ndiye atakayekaa kwenye lile dawati.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa!