Ganzi si usingizi

Mwaka jana nilimsindikiza shangazi yangu, mwenye umri wa miaka 71, hadi hospitali moja ambayo sitaitaja. Alikuwa na jipu begani. Mhudumu, kijana mpole, alimwambia: "Nyanya, tutakudunga dawa ya usingizi kidogo, kisha tukupasue." Shangazi aliinuka, akajifunga leso yake, akatoka. Jirani yake aliwahi kupewa "usingizi" na hakuamka tena. Tulirejea siku nne baadaye, homa imempanda na bega limevimba hadi shingoni.

Kijana yule hakukusudia kumlaza mtu. Katika bomba lake la sindano mlikuwa na lignokeini, dawa iliyotengenezwa na Nils Löfgren wa Uswidi mwaka 1943. Huizuia mishipa ya fahamu ya mahali palipodungwa isipeleke habari za maumivu kwenye ubongo, naye mgonjwa hubaki macho akizungumza. Hali hiyo Kiswahili kimeipa jina zamani: ganzi. Mtoto yeyote aliyekalia mguu wake hata ukafa ganzi anaifahamu. Inayolaza ni nusukaputi. Tuna maneno mawili kwa mambo mawili, lakini tumeyafunika yote kwa "usingizi".

Najua wapo watakaosema kwamba wanaisimu hatuna kazi ila kugombania maneno. Hapa, hata hivyo, neno ni sehemu ya tiba. Ganzi huondoa uchungu, si hisia ya kuguswa na kuvutwa. Asiyeelezwa hayo hudhani dawa imeshindwa, akaanza kupapatika chini ya kisu. Jipu nalo lina ukaidi wake: usaha huifanya nyama iliyo karibu kuwa na asidi, na dawa ikafanya kazi kwa udhaifu. Hili pia mgonjwa anastahili kuambiwa mapema.

Zito zaidi ni hili. Dawa ikizidi kipimo, au ikipenya ndani ya mshipa wa damu, dalili za kwanza aghalabu huwa zile ambazo mgonjwa pekee ndiye awezaye kuzitaja: midomo na ulimi kufa ganzi, masikio kuvuma, ladha ya chuma kinywani. Baadaye huweza kufuata degedege. Sasa mtu aliyeahidiwa usingizi, masikio yakianza kuvuma, atasema nini? Atafumba macho, akidhani ndio usingizi wenyewe unaingia.

Wauguzi na matabibu wetu husomeshwa na kutahiniwa kwa Kiingereza, kisha hutumwa kuwahudumia watu wa lugha nyingine. Siwalaumu wao. Nawalaumu waundao mitaala, na sisi wa idara za Kiswahili tunaosubiri kualikwa. Mwalimu wa sekondari naye hahitaji mwaliko: awape wanafunzi insha ya kumweleza nyanya asiyejua Kiingereza namna ganzi inavyofanya kazi. Ataona ni wangapi watakaokwama kwenye aya ya kwanza.

Siku ile ya pili tulimpata muuguzi mwingine. Alimfinya shangazi mkono, akasema: "Utasikia nikikugusa hivi, ila ukali wa kisu hutausikia. Masikio yakivuma, niambie mara moja." Shangazi akauliza kama ataruhusiwa kuzungumza. Akaruhusiwa, na hakunyamaza hata jipu lilipokwisha kufungwa bendeji.