Afisa wa ununuzi aanzie kwenye mkebe wa maziwa

Mkebe wa maziwa unapofika kituoni Mukurweini, Nyeri, mpokeaji huanza na maziwa yenyewe, si na jina la mwenye ng'ombe. Huzamisha laktomita aone kama yametiwa maji. Huchanganya kiasi kidogo na alkoholi. Yakiganda, yameanza kuharibika na yatakataliwa. Ndipo anapima uzito na kuandika.

Mtu huyo ni mnunuzi, ingawa hakuna anayemwita hivyo.

Vijana wengi wa Nyeri wanaotamani kazi ya ununuzi huiona kwingine kabisa: ofisi ya kaunti au wizara, meza yenye mihuri na faili za zabuni. Si kosa lao. Kazi hiyo inaheshimika, nayo ina sheria yake. Sheria ya mwaka 2007 iliunda taasisi ya wataalamu wa ugavi, KISM, inayosajili wanaoifanya. Kifungu cha 227 cha Katiba kinataka ununuzi wa umma uwe wa haki, usawa, uwazi, ushindani na gharama nafuu. Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, palepale Nyeri, kina shahada ya fani hiyo.

Lakini cheti hakimfundishi mtu bei ya wilbaro.

Mwaka 2015 Wakenya walipigwa na butwaa waliposikia kwamba Kaunti ya Bungoma ilinunua wilbaro 10 kwa zaidi ya shilingi 109,000 kila moja. Madukani ziliuzwa kwa shilingi elfu chache. Sheria ilikuwepo, fomu zilikuwepo, na sahihi zilitiwa. Aliyekosekana ni mtu anayeijua bidhaa na bei yake, mwenye ujasiri wa kusema hapana.

Ujuzi huo hupatikana pale kosa la mnunuzi linapomrudia mara moja. Chama cha wafugaji kikinunua pumba za mahindi zilizoota ukungu kwa sababu ni rahisi, sumu ya aflatoksini hupita kwa ng'ombe na kutokea ndani ya maziwa. Kilichookolewa kwenye malisho kitapotea maziwa yakikataliwa, na aliyekunywa atakuwa ameumia. Vivyo hivyo kwa parachichi za aina ya Hass: zikichumwa kabla ya kukomaa, hazitaiva vizuri hata zikifika Ulaya, na mnunuzi wa huko atahamia kwingine. Mkulima mwenye miti michache ndiye atakayeachwa na mzigo.

Wapo watakaosema vyama vya ushirika havina fedha za kuajiri wahitimu. Ni kweli, vingi havina. Hata hivyo, kila mwaka wanafunzi hutafuta nafasi za atachimenti, na wengi huishia kupanga faili Nairobi. Vyuo na vyama vya maziwa na kahawa vikubaliane kuwapeleka kiwandani kwa msimu mzima. Katika mavuno makuu ya kahawa, Oktoba hadi Desemba, mwanafunzi atajifunza kutenga matunda mekundu na mabichi, kusoma mizani mbele ya mkulima anayeitazama kwa makini, na kumweleza kwa heshima kwa nini debe lake moja limekataliwa.

Akitoka hapo aende kaunti, aombe kazi. Jopo la mahojiano nalo limwekee bidhaa mezani, limuulize: hii ni bei gani, na umejuaje?