Dashibodi za afya: data za mubashara zinaposomwa na orodha ya zamani

Katika ofisi nyingi za umma nchini, kikao cha menejimenti sasa hufunguliwa kwa dashibodi ukutani badala ya rundo la karatasi mezani. Kauli ya "mifumo isomane" imeingia katika hotuba za viongozi na katika mipango kazi ya taasisi. Mamlaka ya Serikali Mtandao nayo, chini ya Sheria ya Serikali Mtandao Na. 10 ya mwaka 2019, inasimamia namna mifumo hiyo inavyojengwa na kuunganishwa. Lililobaki nyuma kidogo ni swali dogo ambalo mtazamaji wa dashibodi huwa halitaji: namba hii ni ya lini?

Jibu lingekuwa jepesi kama ripoti ingetegemea chanzo kimoja. Ripoti nyingi zenye manufaa, hata hivyo, huchanganya data za aina mbili. Aina ya kwanza ni data za mubashara: kila mtu anapofungua ukurasa, programu hupeleka swali kwenye kanzidata ya asili na kurudi na jibu la wakati huo. Aina ya pili ni data zilizoingizwa, yaani nakala iliyochukuliwa kutoka kwenye faili au mfumo mwingine na kuwekwa ndani ya ripoti. Nakala hiyo haibadiliki mpaka ichukuliwe upya. Programu kama Power BI na Tableau huruhusu njia zote mbili, na Power BI huruhusu zikae katika ripoti moja.

Sababu za kuchanganya ni za msingi. Data za mubashara zina gharama, kwa kuwa kila anayefungua ukurasa anaiongezea kazi seva ambayo wakati huohuo inahudumia wananchi. Nakala iliyoingizwa hujibu haraka na haisumbui chanzo. Kwa hiyo mtaalamu huacha miamala ya kila siku isomwe mubashara, na huingiza vitu visivyobadilika mara kwa mara: orodha ya mikoa na halmashauri, orodha ya vituo vya afya, makadirio ya idadi ya watu. Hapo ndipo matatizo huanzia, kwa sababu "kisichobadilika mara kwa mara" hubadilika siku ambayo hakuna anayekiangalia.

Sekta ya afya inaeleza jambo hili vizuri kuliko nyingine. Taarifa za vituo huandikwa katika vitabu vya MTUHA, kisha huingizwa katika mfumo wa DHIS2, uliobuniwa katika Chuo Kikuu cha Oslo na ambao Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimekuwa mshiriki mkubwa katika kuuendeleza hapa nchini. Kiwango cha chanjo hupatikana kwa kugawanya idadi ya watoto waliochanjwa kwa idadi ya watoto waliopo. Waliochanjwa husomwa kutoka kwenye mfumo. Waliopo hutokana na makadirio ya sensa, ambayo kwa kawaida huwa ni faili iliyoingizwa.

Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 44,928,923. Sensa ya Agosti 2022, iliyotumia vishikwambi, ilihesabu watu 61,741,120, na Ofisi ya Taifa ya Takwimu ilieleza kuwa ongezeko ni wastani wa asilimia 3.2 kwa mwaka. Chukua halmashauri ya mfano ambayo makadirio ya zamani yanaipa watoto 20,000 wa umri lengwa. Mfumo unaonesha waliochanjwa ni 21,500. Dashibodi itasoma asilimia 107.5, rangi itakuwa ya kijani, na kikao kitahamia ajenda nyingine. Faili ya makadirio ikihuishwa na kuonesha watoto 26,000, kiwango kilekile kinashuka hadi asilimia 82.7. Watoto 4,500 ambao hawakuwapo kwenye ripoti wamejitokeza bila muuguzi yeyote kukosea. Makadirio yenyewe si msahafu, na asilimia inayozidi mia moja huweza pia kutokana na akina mama wanaovuka mpaka wa wilaya kufuata huduma. Lakini mganga mkuu wa wilaya hawezi kutofautisha sababu hizo ikiwa hajui makadirio anayoyatazama ni ya sensa ipi.

Jambo la pili linahusu kitufe. Watumiaji wengi huamini kwamba kubofya alama ya kuhuisha juu ya ukurasa kunaleta kila kitu upya. Katika huduma ya Power BI ya mtandaoni, kitufe kilicho juu ya ripoti huchora upya chati kwa data zilizopo: upande wa mubashara huulizwa tena, lakini nakala iliyoingizwa hubaki ilivyokuwa. Nakala huhuishwa kwa kazi tofauti, ama kwa mkono ama kwa ratiba. Kwa leseni ya kawaida ya kitaalamu, ratiba hiyo ina kikomo cha mara 8 kwa siku. Kwa uwezo wa daraja la juu, mara 48. Ikiwa chanzo kiko kwenye seva ya ndani ya taasisi, huhitajika pia programu ya lango inayofanya kazi katika kompyuta isiyozimwa. Ratiba ikishindwa mara 4 mfululizo, huduma huisitisha. Ujumbe wa kushindwa hupelekwa kwa mmiliki wa ripoti, ambaye huenda alihamishiwa mkoa mwingine miezi mitatu iliyopita. Chati huendelea kuonekana kama kawaida.

Jambo la tatu ni la kimyakimya zaidi. Jedwali la mubashara linapounganishwa na jedwali lililoingizwa, uhusiano wao huwa dhaifu kuliko ule wa majedwali ya chanzo kimoja. Safu isiyopata mwenzake upande wa pili huachwa pale matokeo yanapopangwa kwa makundi. Zahanati iliyofunguliwa mwezi uliopita, ikianza kutuma taarifa kabla ya orodha ya vituo kuhuishwa, haitaonekana katika mchanganuo wa halmashauri yake. Haitaleta alama ya kosa. Ndivyo ilivyo pia kwa mipaka ya utawala: orodha ya mikoa iliyoingizwa kabla ya mwaka 2016 haina Songwe, iliyomegwa kutoka Mbeya.

Upotevu wa kimya wa aina hii umewahi kugharimu nchi yenye uwezo mkubwa. Kati ya Septemba 25 na Oktoba 2, 2020, visa 15,841 vya UVIKO-19 havikuingia katika taarifa za kila siku za Uingereza. Matokeo ya maabara yalikuwa yakiingizwa katika faili za Excel za muundo wa zamani, ambao ukurasa wake hauzidi safu 65,536. Zilizozidi ziliachwa nje. Wagonjwa wenyewe walipewa majibu yao, lakini ufuatiliaji wa watu waliokutana nao ulichelewa.

Neno "mubashara" nalo linahitaji tahadhari. Muunganisho unaweza kuwa wa papo kwa papo huku taarifa yenyewe ikiwa ya mwezi uliopita, kwa sababu kitabu cha kituo hujumlishwa mwishoni mwa mwezi. Aidha, kuchanganya vyanzo hugusa faragha: programu inapouliza chanzo kimoja huweza kupeleka ndani ya swali hilo thamani zilizotoka katika chanzo kingine. Kwa majina au namba za wagonjwa, hilo linaingia moja kwa moja katika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Hatua za kurekebisha si za gharama kubwa. Kila ukurasa unaweza kubeba tarehe mbili, ya data za mubashara na ya nakala, badala ya tarehe moja inayodai kuwakilisha zote. Jedwali dogo la vituo vilivyotuma taarifa lakini havimo kwenye orodha linaweza kuwekwa mahali ambapo mtakwimu wa halmashauri ataliona kila asubuhi. Umiliki wa ripoti unaweza kuandikwa kwa cheo na si kwa jina la mtumishi, na makabidhiano ya ofisi yakajumuisha ratiba za kuhuisha kama yanavyojumuisha funguo za gari na daftari la vifaa.