Baridi ya Kamina: mbabula chumbani si dawa, nyumba ndiyo itengenezwe

SANGA, KAMINA – Mwezi wa sita ukifika, wakaaji wa Sanga hawahitaji kuambiwa kwamba baridi imeingia. Mchana jua linawaka na watoto wanacheza kifua wazi. Jua likizama, haipiti muda mrefu nyumba inageuka. Na kuna jambo ambalo familia nyingi zinaliona bila kuuliza sababu: nyumba ni moja, paa ni moja, lakini chumba kimoja kina joto na kingine kinatesa. Watoto wanatetemeka chumba cha nyuma, huku baba anayelala mbele anasema baridi ya mwaka huu si kali.

Kwa kukosa jibu, wengi wanachukua njia ya haraka. Mbabula inawashwa nje, makala yakishakuwa mekundu inaingizwa chumbani, mlango unafungwa, watu wanalala. Njia hiyo inaua. Tena haiponyeshi ugonjwa wenyewe, kwa sababu kesho usiku chumba kitakuwa na baridi ile ile.

Nyumba nyingi za zamani za Kamina ni za matofali na mabati. Huu ni mji wa reli: njia ya BCK ilipita hapa ikafika Ilebo mwaka 1928, na tawi la kwenda Kabalo likamalizika mwaka 1956. Nyumba za nyakati hizo zilijengwa imara, lakini miaka imepita. Plafo zimeoza au zimeng'olewa, simenti ya kuta imepasuka, madirisha hayafungi sawasawa. Na waliojenga baadaye, wengi waliweka mabati bila plafo kabisa ili kupunguza gharama.

Bati halina akiba. Jua likipiga, linachoma. Jua likiondoka, linapoa mara moja. Wakati wa kiangazi mbingu haina mawingu, kwa hiyo joto la nyumba linapanda juu na kupotea usiku kucha. Tofali ni tofauti: linapokea joto polepole na kulitoa polepole. Ukuta uliopigwa na jua la alasiri, upande wa magharibi, bado una uvuguvugu watu wanapokwenda kulala.

Kwa nini basi chumba kimoja kinaumia kuliko kingine? Kamina iko kusini mwa ikweta. Mwezi wa sita na wa saba jua linapita upande wa kaskazini. Ukuta wa kusini hauoni jua siku nzima, hata saa sita mchana. Chumba cha upande huo kinaanza usiku kikiwa kimepoa tayari. Kikiwa pia hakina plafo, na juu ya ukuta kuna nafasi inayopitisha upepo, anayelala humo ni kama amelala nje. Mara nyingi ndicho chumba wanachopewa watoto au nyanya.

Ugonjwa huu si wa Kamina peke yake. Wakongomani wanaoishi Ubelgiji katika majengo ya zamani wanaujua kwa sura nyingine. Kule nyumba zinapashwa na radiateri, vyuma vinavyopitisha maji ya moto kutoka kwenye tanuru moja. Radiateri iliyo karibu na tanuru inaunguza, ya mwisho wa bomba iko baridi. Fundi mzuri haanzi kwa kuongeza moto. Anatoa kwanza hewa iliyonaswa juu ndani ya radiateri, kisha anapunguza njia ya maji kwa zile za karibu ili za mbali nazo zipate. Akiongeza moto tu, chumba cha moto kitazidi kuwa moto na cha baridi kitabaki vile vile. Sanga haina radiateri, lakini somo ni hilo: tafuta joto linapotokea na linapopotea, ndipo uguse moto.

Turudi kwenye mbabula. Makala mekundu yasiyo na moshi yanaonekana salama, na hapo ndipo yanapodanganya. Yanatoa gesi ya monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu. Gesi hiyo inashika damu kwa nguvu inayopita ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, mpaka mwili unakosa hewa ingawa mtu anapumua. Kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu inalegea. Aliyelala hasikii hata hayo, anapitiliza. Sahani ya maji karibu na mbabula haiondoi sumu hiyo, na dirisha lililoachwa wazi kidogo si dhamana. Mtu akikutwa hivyo, atolewe nje haraka kwenye hewa safi na apelekwe kituo cha afya. Asipewe maziwa akasubiriwa.

Wapo watakaosema: mababu walilala na moto ndani na hawakufa. Ni kweli walilala na moto, lakini chini ya paa la nyasi linalopitisha hewa, si chini ya bati na madirisha yaliyozibwa kwa vitambaa. Na hata wao walilipa kwa macho na mapafu.

Kinachofaa hakihitaji utajiri. Cha kwanza ni plafo. Hata mikeka ya matete au mifuko ya mahindi iliyoshonwa pamoja na kukazwa chini ya mbao inazuia joto lisikimbilie kwenye bati, na mchana inapunguza ukali wa jua. Panya watapanda juu, ndiyo, lakini panya wanafukuzwa. Cha pili ni nyufa: udongo, mchanga na simenti kidogo vinatosha kuziba ukuta wa kusini. Cha tatu ni desturi. Madirisha ya upande wa jua yafunguliwe mchana, yafungwe kabla jua halijazama. Kitanda kisigusane na ukuta wa kusini. Watoto na wazee wahamie chumba cha magharibi miezi hiyo. Baba mwenye afya aende nyuma.

Na anayetaka joto la moto alipate bila sumu: mbabula ibaki nje, tofali lipashwe kando yake, lifungwe kwa kitambaa kizito na kuwekwa miguuni. Chupa ya maji ya moto yasiyochemka, iliyofungwa vizuri na kuviringishwa kitambaa, inafanya kazi hiyo hiyo.

Linabaki swali la nani alipe. Mpangaji hawezi kuombwa garanti ya miezi kadhaa, kisha aambiwe plafo ni shida yake. Plafo na kuta ni mali ya mwenye nyumba, naye ndiye wa kuzitengeneza. Kama hana pesa leo, wakubaliane: mpangaji anunue vifaa, vikatwe kwenye kodi, na iandikwe kwenye karatasi mbele ya shefu wa mtaa. Pesa ya makala yanayoteketea chumbani usiku baada ya usiku ingekuwa imeanza kazi hiyo.

Makanisa, waganga na viongozi wa mitaa wanasema mengi juu ya malaria na kipindupindu, na wanafanya vema. Mwezi wa tano, kabla baridi haijakaza, waongeze na hili: mbabula ilale nje. Hakuna mtoto wa Sanga anayepaswa kukutwa asubuhi hapumui kwa sababu mama yake alitaka alale na joto.