Mgeni Asiyepiga Hodi

Wapo wanaodai kwamba asiye na la kuficha hana la kuogopa. Hoja hiyo sasa yauzwa pamoja na zile spika ndogo ambazo mwenye nyumba huziamrisha kwa sauti, nazo zikamwashia taa au zikamsomea habari. Ni hoja mbovu, na ubovu wake waonekana vyema zaidi Mabawa, Tanga, kuliko huko Marekani spika hizo zilikobuniwa.

Nyumba ya Mabawa imegawika kwa masikio. Barazani husemwa ya kila mpita njia, ukumbini ya jamaa, chumbani ya wawili. Mgeni hupiga hodi, asipojibiwa, hurudi. Hapasitiriwi uovu hapo. Hustiriwa deni, maradhi, posa ambayo haijajibiwa. Spika haijui baraza wala chumba. Hungoja jina lake ndipo irekodi, na mara nyingine hudhani limetajwa ilhali halikutajwa. Yale iliyoyanasa huenda kwenye kompyuta za mbali. Mwaka 2019 ilibainika kwamba Amazon, Google na Apple walikuwa na watu wa kusikiliza sehemu ya sauti hizo ili kuirekebisha mitambo. Mwaka 2023 Amazon ilikubali kulipa dola milioni 25 huko Marekani kwa madai ya kuhifadhi sauti za watoto kinyume cha sheria, na Machi 2025 ikawaondolea baadhi ya watumiaji hiari ya kuzuia sauti zao zisitoke nyumbani.

Itasemwa kwamba spika hizo Mabawa ni chache. Naam, lakini simu janja hazikosi, na nyingi zina msikilizaji wa namna hiyo hiyo. Itasemwa pia zina manufaa. Zinayo: asiyeona hupiga simu bila kuomba jicho la mtu, na hilo si dogo. Ila huyo ameridhia kwa nafsi yake. Shoga aliyekuja kuazima kinu hakuridhia lolote. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Tanzania Mei 2023, yamtaka akusanyaye taarifa amjulishe mhusika. Shoga atajulishwa na nani?

Na washairi wasijione wamesalimika. Fumbo hufumbwa na ajuaye nani anasikia: mke mwenza, jirani, hakimu. Akiwapo msikilizaji asiyejulikana, tena asiyesahau, watu watafumba hata chumbani, au watanyamaza. Mwenye spika na aizime mgeni apigapo hodi, au amwambie pale pale mlangoni, kabla hajavua viatu.