Mgawo wa Diski ni Haki, Si Ubahili

Kompyuta itumiwayo na wengi ni mfano wa kisima cha kijiji: achotaye pasipo kipimo huwakausha wenzake. Diski ikijaa, mwanafunzi asiye na hatia hushindwa kuhifadhi kazi yake, na pengine jitihada ya siku nzima hupotea.

Dawa yake si ngeni. Robert Elz wa Chuo Kikuu cha Melbourne, Australia, alitunga utaratibu wa mgawo ulioingizwa katika Unix ya Berkeley, toleo 4.2, mwaka 1983. Kila mtumiaji huwekewa mipaka miwili. Akivuka wa kwanza huonywa na kupewa muda, ambao leo kwa kawaida ni siku 7, ili apunguze mafaili yake. Wa pili hauvukiki kabisa. Hupimwa ukubwa wa mafaili pamoja na idadi yake, kwani maelfu ya mafaili madogo yaweza kumaliza nafasi za kuyaorodhesha hali diski haijajaa.

Wapo wasemao kwamba diski siku hizi ni rahisi, hivyo mgawo hauna maana. Hoja hiyo ni dhaifu: nafasi ikiongezwa, matumizi nayo hupanda. Yafaa kila shule yenye kompyuta ya kushirikiana iweke mgawo mapema, na walimu nao wawekewe mipaka, ijapokuwa mipana zaidi. Mgawo uwekwao baada ya hasara huonekana kuwa adhabu. Uwekwao kabla yake, ukajulikana kwa wote, ni sheria.