Mlima Hauhami
Acheni kutuambia anayegeuka nyuma ni mwoga. Mwaka jana nilikwea Kiang'ombe, kule Mbeere, Embu, kila wikendi hadi nikajiona simba. Kisha nikapandia Chogoria, kati ya Embu na Meru, nikitaka Lenana, mita 4,985, kwa siku mbili. Nilipopita mita 4,000 kichwa kikaniwanga, nikatapika, nikashuka. Wasee wa Nairobi wakanicheka, ati mazoezi yangu yalikuwa ya picha tu. Wapi! Miguu ilikuwa tayari. Mwili ndio haukuwa umezoea hewa nyepesi, na hilo halifunzwi na kilima cha chini. Linataka siku, si kelele za "kaza tu". Kukaza katika hali hiyo huua. Narudi, mara hii kwa siku tano. Nikiumwa, nitashuka tena.